Mama Aliyeajiriwa Mara Tano

Kaeni vizuri, wapendwa, na wenye watoto wachanga wanyonyesheni kabisa, maana sitaki mtu atoke katikati. Leo nawapeleka kiwandani. Msikitafute mkitoka hapa, hakipo, nimekijenga mwenyewe jana nikipiga pasi.

Katika kiwanda hicho walishona sare za shule. Mama mmoja na baba mmoja walikaa wakitazamana, kila mtu na cherehani yake. Mama alianza kazi akiwa msichana. Baba alikuja mwaka mmoja baadaye, hajui hata kutunga uzi, na mama huyo ndiye aliyemfundisha kushona kola mpaka ikakaa. Wakazeeka pale pale, wakitaniana kama mtu na shemeji yake.

Ikabaki wiki moja wastaafu. Ofisi ikawapa karatasi za mafao yao. Baba akasoma ya kwake, akaona nyumba itaisha na banda la kuku litajengwa. Mama akasoma ya kwake, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaendelea kushona. Uzi ukamkatikia mara tatu.

"Dada, vipi?"

"Nitaendelea kushona nyumbani," mama akasema. "Hii itanifikisha mwaka tu, na macho yenyewe ndiyo haya."

"Mwaka? Si ulinitangulia hapa wewe?"

"Nilikutangulia, kaka. Ila kila nilipoenda kujifungua walinifuta. Nikirudi, wananiandika kama mtu mpya, mshahara wa mtu mpya, na miaka yangu ya nyuma haihesabiwi. Nimejifungua mara nne. Kitinda mimba nimemzaa juzi juzi tu, bado yuko sekondari."

Mnasikia? Sisi hapa tunahubiri kwamba kuzaliwa mara ya pili ni baraka. Kiwanda kilimzaa mama huyu mara tano, na kila mara alizidi kuwa maskini. Baba wa watu akaona aibu. Miaka yote hiyo amekaa mbele yake, hajawahi kumuuliza, kwa sababu pale mshahara ulikuwa siri ya mtu. Na siri hiyo, niambieni, ilikuwa inamfaa nani?

Kesho yake, saa ya chai, akamwomba mama ile karatasi, akaiweka wazi pamoja na ya kwake juu ya meza ya kukatia vitambaa. Watu wakaja wakasoma. Wasichana wakaleta karatasi zao za mshahara, wanaume nao wakaleta. Hawakuvunja kitu, hawakumtukana mtu. Walikataa tu kurudi kwenye cherehani mpaka meneja aje asome, na shule zinafunguliwa Jumatatu.

Meneja akaja. "Mambo ya mshahara ni siri."

"Ya kwangu hii hapa, bosi," baba akasema. "Soma na ya huyu aliyenifundisha kazi."

"Lakini mama huyu aliacha kazi mara nne."

"Hakuacha kazi. Alikwenda kuzaa. Wanawake wangekuwa hawazai, hizi sare ungemuuzia nani?"

Meneja akasoma mara ya pili. Ilichukua siku tatu za mabishano, sitawadanganya, lakini miaka ya mama ikaunganishwa yote, na ya kila mwanamke aliyekuwa mle ndani. Mama naye akajenga banda. Mpaka leo wale wawili wanabishana kuku wa nani wanataga zaidi.

Nawaona mnatabasamu. Vizuri, raha kweli. Basi tokeni kiwandani, rudini hapa.

Chekechea yetu hapo nyuma ina walimu wawili, mmoja mwanamume, mmoja mwanamke. Mwanamke alianza kabla ya mwenzake. Mwaka jana alijifungua mapacha. Tulimpelekea sabuni na nepi, mkaimba, nikawabariki watoto hapa hapa mbele. Aliporudi kazini, baraza la kanisa likamwandikia mkataba mpya, kama mgeni. Juzi nimeutoa kabatini. Saini iliyo chini ni yangu.

Hatukuwa na nia mbaya. Hatukuuliza tu. Na wewe mwenye duka, wewe mwenye saluni, wewe unayekaa ofisini mkitazamana na mwanamke miaka kumi, umeshamuuliza? Kila Jumapili tunawaombea kina mama wazee wasio na kitu. Kumbe umaskini wao tuliuanza sisi, wakiwa bado wana nguvu, na tukaupigia muhuri.

Mwalimu, nakuona pale na mapacha wako. Nisamehe, mbele ya hawa wote.

Wazee wa baraza, simameni, twendeni ofisini tukaubadilishe ule mkataba. Kwaya, imbeni. Na sadaka isikusanywe mpaka tutakapotoka.