Mtoto wa Mize na Dawa Iliyojua Kulala

Niwieni radhi mapema, jamaa zangu: hadithi hii huiharibu kila ninapoisimulia. Walioisikia jana wanadai niliimaliza kabla sijaianza. Basi tulieni niiharibu upya.

Katika mji wa Mwangani, mji wa joto ambako hata kivuli hutoka jasho, walikuwapo wanawake watatu wenye vipaji. Radhiya, mtafiti wa dawa, kipaji chake kuwaza. Akiwaza, uji huungua na yeye hasikii harufu. Mashavu, mfinyanzi, kipaji chake mikono. Bi Hadiye, aliyeishi na kisukari tangu ujanani, kipaji chake kutoogopa kitu, hata mawifi.

Na Mize? Yeye alikuwa na tumbo. Mja mzito, na kisukari juu yake. Insulini aliyozoea ilimchezesha: leo sukari yapaa kama tiara, kesho yazama kama ndoo kisimani. Ikizama, Mize huelea. Hujiona akitembea juu ya mawingu ya pamba, mtoto yuko mbele, kampa mgongo, akimwita, hageuki. Madaktari wakamwambia wazi: tukiendelea hivi, mmoja wenu hatarudi.

Radhiya akawaza insulini inayolala. Ukiichoma, hujikunja chini ya ngozi kama paka mekoni. Sukari ikipanda huamka ikafanya kazi, ikishuka hurudi kulala. Akaitafuta hata akaipata. Bila yeye, dawa isingekuwapo.

Lakini dawa yenyewe ina madeko kama bibi harusi: joto kidogo tu, imeharibika. Na Mwangani umeme huja kusalimia tu, kisha huaga. Mashavu akafinyanga mtungi ndani ya mtungi, katikati akajaza mchanga, akawa anaumwagilia maji. Dawa ikapoa, ikatulia. Bila yeye, ingekuwa maji tu.

Sasa nani aanze? Mja mzito hachomwi dawa isiyojaribiwa. Watu wakaangalia vidole vya miguu yao.

"Nichomeni mimi," akasema Bi Hadiye.

"Shangazi, hatujui itakufanya nini," Radhiya akamwonya.

"Kwani mimi najua nyinyi mtanifanya nini? Choma, mwanangu!"

Akachomwa, akachunguzwa msimu mzima, akazidi kunawiri na kugomba. Bila yeye, Mize asingeruhusiwa.

Mize akachomwa, sukari ikatulia hata siku ya kujifungua ikafika. Mawingu yakaja tena, laini, na safari hii mtoto akageuka, akacheka. Mize alipofumbua macho, binti yu kifuani.

Kwao Mwangani, mtoto hupewa jina la aliyemwokoa mama yake, jina moja tu, na akikua humtunza somo yake huyo uzeeni. Na wale watatu, hakuna aliyejaliwa mtoto.

"Dawa ni yangu," akasema Radhiya.

"Ungeihifadhi wapi, kwapani?" akauliza Mashavu.

"Nyinyi mlileta vitu," akasema Bi Hadiye. "Mimi nilileta roho."

Mize akamkumbatia binti yake. Kila jina lililomfika ulimini lilikuja na machozi ya wale wawili wengine.

Je, wewe mwenzangu, ungemwita nani? Amua, tena upesi, maana mtoto anatambaa na bado anaitikia "Wee!" Msimlaumu Mize. Shauri lilipomshinda aliniletea mimi, nami nikamwambia anipe siku moja tu nifikiri.