Kichwa cha Chewa wa Mlangoni

Hapo zamani, na si zamani sana, maana waliokula mchuzi wa chewa huyo wengine bado wana meno, palikuwa na kijiji pale mto unapoingia baharini. Huku maji baridi, kule maji ya chumvi, na katikati pahali panaitwa Mlangoni, maji mawili yanapokutana na kusukumana kama wake wenza kisimani.

Katika kijiji hicho aliolewa mwanamke aitwaye Mwatabu. Alitoka bara, kwenye mtama na mbuzi. Samaki alimjua mkavu tu, tena aliyekwisha kukatwa kichwa. Akawa mke wa pili wa Bwana Shee, mvuvi. Mke mkubwa alikuwa Mishi, naye alimpokea hivi: "Karibu, mwenzangu. Jiko lile pale, kisima kule, na mume ni wa zamu."

Wakakaa. Siku moja Shee akaanguka kutoka mnazini, mguu ukavunjika, nyumba ikabaki na wake wawili na sufuria tupu. Mishi hakuwa wa kuvua. Tangu mto ulipomchukua mwanawe wa kwanza, hakutia mguu majini kupita kifundo. Hata nguo alifulia kwenye beseni, mto ameupa mgongo.

"Basi nitavua mimi," akasema Mwatabu.

Mishi akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Wewe uliyeuliza samaki wanachungwa na nani?"

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Anayeanza kuvua, samaki wake mkubwa wa kwanza hupikwa, na kichwa hukitenga kwa mikono yake mbele ya yule aliyemfanya mvuvi. Akishakitenga, imekwisha: maji ya yule ndiyo maji yake mpaka kufa. Ukimpa mtu wa mtoni, baharini hutupi ndoana tena. Ukimpa mtu wa baharini, mto utauona kwa macho tu.

Mwatabu akaenda kwanza kwa Bi Shekue, bingwa wa mtoni. Bi Shekue akampa ufito, mshipi mwembamba na boya la bua, akamwonyesha kuchimba nyungunyungu wa chambo. "Mwanangu, mto hauna haraka. Kaa. Nyamaza. Kambare anasikia mpaka unachokiwaza. Akivuta mpe, akivuta tena mpe, mpaka achoke yeye." Mwatabu akakaa, mbu wakamla. Kambare wake wa kwanza alimrukia mapajani, akapiga yowe ambalo kijiji kizima kilikwenda kulihadithia.

Mto ulipojaa matope akaenda kwa Bi Mwanamize, bingwa wa baharini. Huyu ni dada yake Bi Shekue, tumbo moja, na walikuwa hawasemezani tangu baba yao alipokufa. Wengine husema waligombea urithi, wengine husema waligombea mwanamume, mimi simo. Bi Mwanamize akampa mshipi mnene, ndoana kama kidole na chubwi la risasi la kuzamishia. "Mwanangu, bahari haikungoji. Maji yakijaa, tupa, yakitoka, ondoka. Usitazame ya juu, ya juu yanadanganya. Sikiliza ya chini kwa kidole." Mwatabu akasikiliza kwa kidole mpaka akaota anasikiliza kwa kidole.

Akaipenda bahari, na mto hakuuacha. Kila mmoja alikuwa na mazungumzo yake.

Asubuhi moja akasimama Mlangoni, juu ya mizizi ya mkoko, na mshipi wa Bi Mwanamize. Kaa wakamlia chambo chote. Kapuni alikuwa na kambare mzima aliyemvua mtoni alfajiri. Mtoto wa mtoni asingefanya alilofanya, wala mtoto wa pwani, maana kila mmoja anajua kambare si wa chumvi. Mwatabu wa mbuzi alisema moyoni, "Samaki ni samaki," akamtia kambare kwenye ndoana, akatupa. Tena, ili mshipi usimponyoke, akauzungusha kifundoni mwa mkono. Lo!

Juu, maji ya mto yalikuwa yakienda baharini, ya kahawia, polepole. Chini yake, bahari ilikuwa inajaa, inapanda mto kimyakimya. Kambare akazama kwenye maji baridi, akatoboa, akaanguka kwenye chumvi. Akapagawa. Akapiga mkia kama mtu anayebisha hodi.

Na hodi ikaitikiwa.

Mshipi ukanyamaza. Kisha maji yakainuka, hayakuruka wala hayakupiga kelele, yakainuka tu, kama mtu mkubwa anayejigeuza chini ya shuka. Akatokea chewa. Mgongo umeota chaza kama mwamba. Kinywa kingemeza mtungi na mwenye mtungi. Jicho likamtazama Mwatabu, halina hasira, halina haraka, limetazama wengi kabla yake. Baadaye walipomuuliza kama aliogopa, alisema, "Nilijiona mdogo, nami nikafurahi kuwa mdogo."

Chewa akavuta. Mwatabu akampa, kama alivyofunzwa mtoni. Akasikiliza kwa kidole, kama alivyofunzwa baharini, akajua maji yanakaribia kugeuka, yakitoka tu yataliacha jitu lile matopeni. Akavuta akampa, akavuta akampa, jua likapanda. Kisha mshipi ukakaza kifundoni, na Mwatabu akavutwa majini, mizizi imeng'okea mkononi.

Mishi alikuwa anakuja kumcheka, maneno yako tayari mdomoni. Akaona kilemba cha mwenzake kinaelea. Akaingia. Maji yakamfika kifundoni, akapita. Magotini, akapita. Kifuani. Shingoni. Mkono mmoja akashika shina la mkoko, mmoja akashika nywele za mke mwenzake, akapiga kelele akiita jina. Lile jina halikuwa la Mwatabu. Lilikuwa la mwanawe.

Hakuachia mpaka maji yalipotoka na chewa akabaki juu ya tope, anahema kama mvukuto wa mhunzi.

Kijiji kikaja, kikamzunguka. Mdomoni mwa chewa mlikuwa na ndoana za watu waliokwisha kufa, za mtoni kwa za baharini, zimeota kutu. Moja ilifuliwa kwa msumari wa mlango. Dada wawili wakainama pamoja.

"Ya baba," akasema Bi Shekue.

"Ya baba," akasema Bi Mwanamize.

Miaka yote ile, hilo ndilo neno lao la kwanza.

Samaki akapikwa kwa nazi, kichwa peke yake kikajaza sufuria ya harusi. Wanawake watatu wakakaa mkekani. Mwatabu akasimama na sinia.

"Nilimpa subira, na mto wangu ukampa kambare," akasema Bi Shekue. "Bila kambare wangu, nani angebisha hodi?"

"Hodi ya mshipi gani?" akajibu Bi Mwanamize. "Uzi wako ule wa kushonea? Chubwi langu lilimfikisha, na kidole nilichokifunza kilijua saa ya maji."

Mishi hakuinua macho. "Mimi sikumfunza ila matusi. Maji ya kumpa sina. Lakini bila mimi, mikono hiyo iliyoshika sinia ingekuwa tumboni mwa mwenye kichwa."

Wazee wakanong'onezana: akimpa Mishi asiye na maji, atavua wapi maisha yake? Mmoja akasema, "Mishi alifika shingoni pale Mlangoni. Je, si maji yake yale?" Mwingine akasema Mlangoni hapana mwenyewe.

Ndani, Bwana Shee akapiga kelele, "Mchuzi unapoa!"

Mwatabu akautazama mto. Akaitazama bahari. Akamtazama mke mwenzake, nguo bado hazijakauka. Akapiga hatua moja.

Haya, nyie mlioshiba na kujifuta midomo, nisije nikasikia majibu yenu kesho huko kisimani. Semeni hapa hapa: je, nani alistahili kile kichwa?