Reli Iliyokatwa Mara Mbili

Aliyenitumia habari hii aliniambia niisome nikiwa nimetulia, nami nakwambia vivyo hivyo. Kama imekukuta jikoni, epua kwanza sufuria.

Tanga mjini palikuwa na fundi wa sauti aitwaye Tunu. Chumba chake cha kazi alikiziba kwa magodoro na trei za mayai ukutani, kelele za barabarani zisiingie. Humo ndani alikuwa akichukua kanda za zamani, zile za kuzungushwa kwenye mashine kubwa, akizisafisha na kuzihamishia kwenye sidii. Alikuwa na udadisi wa kupitiliza. Akisikia mlio asioujua, hali wala halali mpaka ajue umetoka wapi. Mama yake alikuwa akilalamika kwamba binti huyu anaweza kuacha chai ikapoa kwa ajili ya panya aliye darini kwa jirani.

Siku moja akajiwa na Bwana Mziray, mstaafu wa bandari na mgonjwa wa muziki. Nasema mgonjwa, na mkewe angekuthibitishia. Spika zake zilikuwa na kimo cha kabati. Sebuleni kulikuwa na kiti kimoja cha kusikilizia, miguu yake imezungushiwa chaki sakafuni, na ole wako ukikisogeza. Zilipotoka sidii mpya za albamu za zamani za jazi, za ng'ambo au za kwetu, alinunua hata kama albamu ileile alikuwa nayo mara nne, eti ya tano imesafishwa vizuri zaidi.

Safari hii Bwana Mziray alitaka kutoa sidii yake mwenyewe. Alikuwa amepata kanda halisi ya Kwemhanya Jazz, bendi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, ya enzi zile ambazo bendi ya dansi isiyojiita Jazz ilionekana haijakamilika. Albamu yao moja tu, Karibu Kwemhanya, ilipigwa miaka arobaini iliyopita, na wimbo wake wa tatu ulikuwa na saksafoni iliyowatoa watu jasho. Inapanda, inageuka, inateremka kama mtu anayekimbia ngazi bila kushika ukingo. Wapulizaji wengi wa pwani walijaribu kuuiga wakaishia kuukwepa. Bwana Mziray alitaka nakala mia tatu, sanduku gumu, kijitabu ndani chenye jina la kila mpigaji, na sauti halisi. Maneno hayo mawili, sauti halisi, aliyasema mara saba kabla hajamaliza soda yake.

Tunu akaingia kazini. Akaondoa mvumo, akaondoa mikwaruzo. Mwanzoni mwa wimbo wa tatu akakuta kitu kinagonga, chuma juu ya chuma, mara kumi na mbili, ndipo saksafoni inaingia. Kwenye santuri ya zamani mlio ule haukuwepo, maana waliotengeneza santuri waliukata. Tunu naye akaucheza mara nyingi akijiuliza ni nini, akakosa jibu, akaukata. Bwana Mziray aliposikiliza kwenye kiti chake cha chaki alifumba macho akasema sasa ni safi kama maziwa.

Ilibaki sahihi ya mpuliza saksafoni, ambaye alikuwa bado hai. Basi Tunu akapanda basi kwenda Kwemhanya na kichezeo chake cha sidii mkobani.

Akamkuta Mzee Singano barazani kwake, nyuma ya cherehani, akishona sare za shule. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu vilivyopitisha kitambaa chini ya sindano bila yeye kuangalia. Tunu akaamkia, akaitikiwa, akaletewa kigoda na chai. Alipoeleza kilichomleta, cherehani ikasimama.

"Sitii sahihi," mzee akasema. "Andikeni kwamba mpuliza saksafoni hajulikani."

Tunu alidhani ni suala la malipo, akaanza kufafanua. Mzee akamkatiza kwa mkono na kumsimulia, bila hasira, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Alikuwa na miaka ishirini na sita waliporekodi. Santuri ilirudi kutoka kiwandani baada ya miezi minane, ikapigwa redioni, na shamba zima likasherehekea. Kisha wakaenda kupiga dansi Korogwe, na alipomaliza kipande chake watu wakatazamana. Mmoja akamwambia kwamba kwenye santuri anapuliza vizuri zaidi. Muheza wakamwambia hivyo hivyo. Pangani mtu akapiga mluzi katikati ya wimbo akamtaka aache uvivu.

Akarudi nyumbani, akaiweka santuri, akachukua saksafoni ajifuate mwenyewe. Hakuweza. Kila akifika pale pa kugeukia, santuri ilikuwa imeshapita. Sauti nazo zilikaa juu kuliko vilipokaa vidole vyake, na akivihamisha vinagongana. Alijifungia hivyo miezi mitano. Akaanza kufikiri kwamba siku ile ilimjia bahati isiyo yake, ikampitia ikaenda zake, na kila dansi anayopiga anawauzia watu mtu ambaye hayupo. Mwishowe akaiuza saksafoni akanunua cherehani hii.

"Yule wa kwenye santuri si mimi, mwanangu," akasema. "Siwezi kumtilia sahihi."

Tunu alihuzunika. Akaomba amchezee hata mara moja tu, asikie jinsi ilivyosafishwa. Mzee akakubali kwa adabu. Wimbo wa tatu ulipoanza, vidole vyake vilianza kutembea juu ya meza ya cherehani, vyenyewe, bila ruhusa yake. Vikaenda vizuri kidogo. Halafu vikachelewa, vikajikwaa, akavikunja ngumi akaiweka mapajani. Tunu aliona haya kana kwamba amemfungulia mtu mlango wa chooni.

Wimbo ulipokwisha, mzee akauliza jambo dogo.

"Reli mmeipeleka wapi?"

"Reli gani, babu?"

Akamweleza. Nyimbo nyingine zote walizirekodi Jumapili kwenye ukumbi wa shamba, kwa umeme wa kiwanda. Huu mmoja ulibaki, wakaupiga Jumatatu saa ya chakula, kwa sababu wao walikuwa vibarua na nyapara hakuwapa muda mwingine. Saa ile mitambo ya kiwanda ilikuwa inazimwa ipumzike, kwa hiyo wenye mashine ya kurekodi waliazima kijijenereta cha zahanati. Mashine ikiwa tayari inazunguka, mlinzi akagonga kile kipande cha reli kilichoning'inizwa nje, mara kumi na mbili, vibarua wengine watoke kula. Yeye Singano aliingia kwenye mlio wa mwisho. Aliupenda mwanzo ule kuliko kitu chochote katika albamu nzima, na wa kiwanda cha santuri wakaukata.

"Nami nimeukata," Tunu akasema. "Nilidhani ni kelele."

Mzee akatabasamu tu, akairudia sare aliyokuwa akishona. Tunu akaaga.

Alikuwa ameshafika njia panda aliposikia chuma kinagongwa. Zamani kiliwaita vibarua, sasa kiliwaita watoto wa shule ya msingi. Tunu akasimama. Mlio wa kwenye kanda alikuwa ameusikiliza zaidi ya mara mia, na huu haukuwa wenyewe. Ulikuwa mzito, wa chini, wa kujaza kifua. Ule wa kwenye kanda ulikuwa mwembamba.

Mwingine angejiambia watakuwa wamebadilisha reli, akawahi basi. Tunu akaliacha basi likaenda. Akaingia shuleni akamwuliza mwalimu mkuu, mwalimu akamwita mpishi aliyezaliwa palepale shambani, na mpishi akashangaa mtu mzima na akili zake kuulizia umri wa chuma. Reli ni ileile, akasema. Ina tundu alilolipiga mgeni mmoja kwa risasi kabla ya uhuru, na haijapata kuning'inizwa nyingine. Tunu akaona tundu kwa macho yake. Akaomba aruhusiwe kugonga, akagonga mara kumi na mbili huku kinasa sauti kikiwa wazi, na darasa zima la tano likatoka nje likidhani ni saa ya kwenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi chumbani kwake akaziweka sauti mbili ubavu kwa ubavu, ya jana na ya miaka arobaini. Ya zamani ilikuwa juu, na hakukuwa na ubishi. Sasa chuma hakipandi sauti wala hakishuki kwa sababu ya umri. Kama reli haikubadilika, basi kanda ndiyo inayosema uongo.

Hapo ndipo akakikumbuka kijijenereta cha zahanati. Kama kilikuwa dhaifu siku ile, mashine ya kurekodi ilizunguka taratibu kuliko inavyotakiwa. Na kanda iliyorekodiwa taratibu, ukija kuicheza kwenye mashine yenye umeme kamili, inakimbia. Kila kitu ndani yake kinakimbia na kupanda juu: ngoma, gitaa, reli, na saksafoni ya kijana wa miaka ishirini na sita.

Akaipunguza mwendo kidogo kidogo mpaka reli mbili zikawa reli moja. Halafu akauachia wimbo uende.

Bwana Mziray alikuja mchana na alichukia kutoka moyoni. Alisema wimbo umechoka, umevaa viatu vya mvua, yeye ameujua miaka thelathini na siyo huu. Wanunuzi wataurudisha wote. Tunu alimwacha amalize.

"Ulisema unataka sauti halisi," akamwambia. "Sasa unataka halisi, au unataka uliyoizoea?"

Bwana Mziray akavuta kiti cha plastiki, kisicho na chaki yoyote, akaomba aucheze tena. Aliusikiliza ameinamisha kichwa. Katikati akanong'ona kwamba kumbe huyu mtu anavuta pumzi, miaka yote hii hajawahi kumsikia akivuta pumzi. Ulipokwisha akasema watakwenda Kwemhanya wote wawili.

Mzee Singano aliwakaribisha bila furaha, akidhani wamekuja kumbembeleza. Tunu hakumweleza chochote. Akaweka kichezeo juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na makorokoro ya nyuzi, akabonyeza.

Kwanza ikasikika reli.

Mzee akainua kichwa. Reli ikagonga mara ya nne, ya tano, ya tisa, nzito kama ile iliyoning'inia shuleni, na alikuwa akizihesabu, midomo ikienda. Kwenye ya kumi na mbili vidole vyake vikaanguka mezani pamoja na saksafoni. Vikapanda nayo. Pale pa kugeukia, ambapo vilikuwa vikijikwaa tangu ujana wake, vikageuka. Vikateremka. Havikuchelewa hata mahali pamoja. Bwana Mziray, ambaye kwa kawaida hakuvumilia mtu akigonga meza wakati wa muziki, alimwacha agonge, machozi yakimlengalenga.

Wimbo ukaisha na vidole vikaisha nao. Ndipo Tunu akamweleza habari ya reli na kijijenereta, polepole, mara mbili, maana mara ya kwanza mzee alikuwa hasikii. Alipoelewa aliitazama mikono yake, kiganja na mgongo, akaanza kulia. Akalia kama watoto wanavyolia, bila kujificha. Halafu katikati ya kilio akacheka.

"Miaka arobaini," akasema, "nashindana na jenereta."

Akachukua kalamu. Kabla ya kutia sahihi akamwuliza Bwana Mziray kama reli itabaki kwenye sidii. Bwana Mziray akamjibu kwamba atakayeigusa atashtakiwa. Mzee akaandika jina lake lote, taratibu: Singano Mhina Shekalaghe, saksafoni. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu, siku hizi saksafoni zinauzwa wapi.

Funzo: Kabla hujasema umepungua, kagua kwanza kile unachojipimia.