Kitambaa kwa Mke, Fito kwa Mume

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi wa benchi la nyuma acheni kuangalia saa. Leo nina habari za hema.

Kulikuwa na mtu mmoja na mkewe. Watoto walikuwa wameondoka wote, na nyumba imebaki na sauti ya redio. Mnaijua nyumba ya namna hiyo? Mume anakula sebuleni, mke anakula jikoni, na chungu ni kimoja. Binti yao mkubwa alipokuja likizo akaiona hali ile, ikamuuma. Akawaambia, "Nendeni mkatembee milimani siku mbili, ninyi wawili tu. Mkaongee." Wakakubali, maana kumkatalia mtoto aliyesafiri kuja kukuona ni vigumu.

Wakaenda mjini kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya mlimani vilivyotumika. Mama huyu aliwahi kuwa mpagazi miaka mingi, uzito anaujua kwa mabega.

Mume akasema, "Tupatie mahema mawili madogo. Kila mtu na lake."

Mke akatazama chini. Yule mama akamwona.

"Mawili ya nini, baba? Chukueni hili moja la watu wawili. Kilo mbili tu. Mama abebe kitambaa, wewe ubebe fito na vigingi, mzigo hamtausikia." Akaongeza, "Ila hili ni la watu wanaotembea pamoja. Mkiachana njiani, hakuna mwenye hema."

Mume akacheka. "Mama, huu ni mwaka wa thelathini na moja. Tuachane twende wapi?"

Wakagawana palepale dukani, kitambaa kwa mke, fito kwa mume. Mke alifurahi siku ile. Nadhani tangu mwaka uanze hakuwa amefurahi hivyo.

Basi wakapanda. Sasa huyu bwana alikuwa na tabia ya kutangulia. Sokoni anatangulia, kanisani anatangulia. Msicheke, nawajua kwa majina. Walipofika kwenye kijito, mke akakaa juu ya jiwe.

"Baba Aikande, nisubiri. Kiatu kinanibana."

"Nilikwambia uvae vile vya zamani, hukusikia."

"Hivi ni lini umewahi kunisubiri wewe?"

"Mvua inakuja, mama. Twende."

"Nenda. Nenda kama unavyoendaga siku zote."

Akaenda. Jamani, akaenda kweli, fito zikigongana mgongoni.

Saa tisa alasiri ukungu ukashuka, na mvua nyuma yake. Mume akasimama, akafungua mkoba wake, akakuta fito na vigingi. Utafunika kichwa kwa fito? Akajikunyata chini ya mwamba. Huko chini mke, aliyekuwa ameinuka na kumfuata, naye akashindwa kuona njia, akajifunika kile kitambaa bila kitu cha kukisimamisha, kikamlalia usoni, maji yakaingia kila upande. Akalia. Hakulia kwa sababu ya mvua.

Wakakaa hivyo saa tatu nzima. Mnaweza kuhesabu ni dakika ngapi? Mtu na fito zake, mtu na kitambaa chake, na baridi ile ya juu inayoingia mpaka kwenye meno.

Jua lilipokaribia kuzama, ukungu ukaondoka. Mume akainua macho, akamwona mkewe. Hawakuwa mbali. Ilikuwa hatua thelathini tu, kama kutoka hapa madhabahuni hadi kwenye mlango ule.

Mume akasema, "Kumbe ulikuwa hapo?"

Mke akasema, "Nilikuwa hapa. Nilikusikia ukikohoa."

Mume akashuka hatua chache. Kisha akasema, "Na mimi nilikusikia ukilia."

Mmesikia, wapendwa? Hawakupotezana hata dakika moja! Kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi. Huyu alingoja yule aite kwanza, na yule alingoja huyu. Walipolisimamisha lile hema, lilikuwa limelowa ndani na nje, na lile jepesi la kilo mbili lilikuwa zito kuliko mahema mawili waliyoyaacha dukani.

Na sisi je? Tumekuja asubuhi hii kwa njia moja, tumeingia kwa mlango mmoja, tumekaa mabenchi mbalimbali, na tunasikiana tukikohoa. Wewe una fito, umekasirika kwamba unalowa. Mwenzako ana kitambaa, amekasirika vilevile. Mnamwomba Mungu awape hema, na hema alishawapa. Amewapa nusu nusu, makusudi kabisa.

Mimi mchungaji wenu fito zangu bado ninazo. Mwenye kitambaa, mke wangu, nilimlaza kaburini migombani nyuma ya nyumba, huu ni mwaka wa tatu. Yeye ndiye aliyezoea kuniita kwanza, na mimi nilizoea kungoja niitwe. Siku hizi nakohoa peke yangu, nasikiliza, halafu nazima taa.

Kwa hiyo leo tukitoka nje kusalimiana, nitasimama mlangoni kama kawaida. Nawaombeni, msianze na mkono wangu. Nitangoja. Nendeni kwanza mkamwite yule aliye hatua thelathini.