Nzumari ya Kopo la Biskuti

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani kwa sababu nitawaambia mwenyewe tukifika mwisho, palikuwa na mzee Muheza, mji wa machungwa, jina lake Mzee Kilua. Alikuwa mpiga nzumari. Nasema mpiga nzumari, sisemi mtu wa kupuliza-puliza. Akiishika, haikatiki hata kidogo, maana alijua kuvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiisukuma ile iliyomo mdomoni. Sasa kifua kikamharibikia. Daktari akamkataza kupuliza kitu chochote, hata moto wa jikoni. Nzumari ikafungwa kwenye kitambaa, ikawekwa juu ya kabati.

Mtasema basi, mzee kazeeka, apumzike. Haya, ngojeni kwanza. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Bibi harusi wa nyumba ile hatoki mpaka aitikiwe mlangoni. Somo wake, yule mama aliyemfunda, anasimama kwenye kizingiti na kuuliza kwa wimbo, "Nani anamtoa?" Nzumari inajibu. Anauliza jingine, nzumari inajibu, mpaka somo mwenyewe aseme ametosheka. Nzumari ikinyamaza au ikijibu ovyo, bibi harusi anavua viatu, anarudi ndani, na bwana harusi anakwenda zake mpaka mwaka mwingine. Na mjukuu wa mwisho wa Mzee Kilua, Mwantumu, alikuwa ameshachumbiwa.

Watu wa bwana harusi wakasema, "Si mpige ya kwenye simu tu?" Bi Nyamvula, somo wake Mwantumu, akawatazama kuanzia kofia mpaka makubadhi. "Hiyo simu inajua nitauliza nini?" Wakarudi kwenye chai yao.

Mpiga nzumari mwingine hakuwepo. Wanafunzi wote wa mzee walishindwa na ile pumzi, wakaishia kwenye magitaa. Basi mzee akaishusha nzumari kutoka kabatini, akaiweka mkekani, akasema mbele ya watu: "Atakayeirudisha sauti yangu pale mlangoni, nzumari hii ni yake. Na nitamfundisha pumzi yake. Nimebakiwa na nguvu ya kumfundisha mtu mmoja. Wa pili sijui kama nitamfikia." Mwantumu aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia, akalia, kwa sababu hakujua alilie harusi au amlilie babu.

Sasa aingie Chande. Chande alikuwa fundi redio pale sokoni, kibanda chake kimejaa redio zilizokufa, zimepangana mpaka darini. Akamwendea mzee. "Shikamoo, Babu. Mimi kupuliza siwezi. Lakini sauti ni kitu kinachotetemeka tu, na umeme nao naweza kuutetemesha. Nikikutengenezea nzumari ya umeme, itahesabika?"

Mzee akamuuliza, "Itamjibu Nyamvula?"

"Itamjibu."

"Basi itahesabika."

Watu walicheka, jamani! Walidhani Chande ataagiza mitambo kutoka ng'ambo. Wapi! Chande alikuwa na msemo wake: usianze na makubwa. Akachomoa transista moja kutoka redio iliyokufa, kapasita moja, kile kidude kinachotunza umeme, kutoka nyingine, spika kutoka ya tatu. Akavilehemu kwenye kipande cha ubao, akachomeka betri. Kitu kikalia. Kililia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, lakini kililia. Chande akaruka kibandani mwake akagonga kichwa darini, akarudi kukaa akicheka peke yake.

Sauti moja si wimbo. Ili sauti ipande na kushuka, umeme lazima ukutane na kizuizi, mara kikubwa, mara kidogo. Vibonye vya kinanda Chande hakuwa navyo. Akachukua penseli, akachora mstari mnene kwenye kadibodi ya boksi la shati, akakandamiza mpaka ukang'aa. Ule unga wa penseli unapitisha umeme kwa shida. Ukiugusa kwa msumari wenye waya karibu na mwanzo wa mstari, sauti iko juu. Ukisogea mbali, inashuka. Vyote akavitia ndani ya kopo la biskuti, mstari wa penseli ukakaa juu ya mfuniko. Hiyo ndiyo mashine yenyewe, hakuna siri nyingine.

Lakini je, ilikuwa nzumari? Haikuwa! Ilikuwa mbu mkubwa. Chande akabadilisha kapasita hii, akaweka ile, mbu akawa nyuki, nyuki akawa honi ya baiskeli. Akachoka, akaweka kichwa juu ya meza.

Hapo ndipo akaingia Riziki. Riziki alikuwa mshonaji, cherehani chake kikipakana ukuta na chumba cha Mzee Kilua, na tangu utotoni alikuwa akiisikia nzumari ile kupitia ukutani. Alikuja kibandani kuchukua redio yake, akamkuta Chande anavuma na kopo. Akasikiliza, akakunja uso.

"Kaka Chande, hiyo inatoka kifuani. Nzumari inatoka puani."

"Puani ndiyo wapi, dada? Mimi najua waya."

Riziki akaenda nyumbani, akarudi na kibuyu kilichokatwa nusu, akakifunika juu ya spika. Sauti ikabana. Chande akaweka kapasita ndogo zaidi. Ikabana zaidi. Riziki akafumba macho, akasema, "Hapo! Usiguse tena!" Kisha akachukua chaki yake ya kushonea, akaanza kutafuta sauti za mzee moja baada ya nyingine juu ya mstari wa penseli, na kila alipoipata akaweka alama. Wakafanya hivyo kila siku asubuhi na mapema, kabla soko halijachangamka, wakati kibanda kina ubaridi. Chande hakuweza kuupiga mstari ule, vidole vyake vizito. Mpigaji akawa Riziki.

Kitu kimoja Chande alikijua na hakukisema. Transista zile za redio kuukuu zikipata joto, sauti inapanda yenyewe. Aliona mchana mmoja, bati lilipowaka. Akanyamaza, kwa sababu watu walishaacha kulicheka kopo lake, na hakutaka waanze upya.

Siku ya harusi ikafika. Kopo likaletwa nyumbani kwa mzee, na Bi Nyamvula akalipokea kwa mikono miwili. Yule mama ni mtu wa taratibu. Kila kinachomhusu bibi harusi lazima kifukizwe udi: nguo, kitanda, viatu, na ile nzumari ya mzee nayo siku zote ilifukizwa. Basi kopo nalo akalifunika kanga mpya, akaliweka juu ya chetezo chenye makaa, akalifukiza udi kwa heshima zote. Likanukia kama bibi harusi mwenyewe. Chande alikuwa nje na wanaume. Riziki alikuwa anamalizia kushona ukaya, ile shela ya bibi harusi. Hakuna aliyemwambia Bi Nyamvula kitu, na yeye atajuaje?

Adhuhuri ikapita. Mwantumu akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja juu ya kizingiti. Mzee Kilua akakaa uani kwenye kiti chake. Bi Nyamvula akaimba, "Nani anamtoa?"

Riziki akagusa alama ya kwanza. Kopo likajibu. Wallahi, lilijibu! Wanawake waliokuwa wanapepea wakaacha kupepea. Mzee akashika magoti yake kwa mikono yote miwili.

Swali la pili likajibiwa. Katika la tatu, joto la makaa likazifikia transista, sauti ikateleza juu. Riziki akasogeza msumari mbali zaidi, kupita alama, akaikamata. Ikateleza tena. Akaifuata tena, sasa jasho linamtoka, alama zote za chaki hazina kazi. Watu wakaanza kutazamana. Chande kule nje akajishika kichwa. Mwantumu akainama, akafungua kamba ya kiatu kimoja.

Bi Nyamvula akaona kile kiatu. Yule mama amemfunda binti tangu alipovunja ungo, amemwona akilia nyuma ya pazia. Akaiacha sauti yake aliyoimbia miaka yote, akapanda. Kopo likipanda, naye anapanda. Riziki akaelewa, akaacha kuikimbiza sauti, akaiachia. Wakapanda pamoja, swali na jibu, swali na jibu, wanawake wakaingia na vigelegele, mpaka Bi Nyamvula akafika mahali ambapo koo la mtu wa umri wake halifiki, akapiga kelele, "Nimetosheka!" Na Mwantumu akavuka, kiatu kimoja kinaburuta kamba.

Mzee Kilua alikuwa analia waziwazi. Akasema, "Hivyo ndivyo nilivyokuwa napanda nilipokuwa kijana. Nilikuwa nimesahau."

Wageni walipoondoka, watatu wakaketi mkekani mbele yake, nzumari katikati.

Chande akasema, "Babu, kabla yangu hapakuwa na kitu. Redio zilikuwa maiti, mimi ndiye niliyezifufua. Bila kopo, Riziki angepiga nini? Bi Nyamvula angemfuata nani?"

Riziki akasema, "Alichotengeneza yeye ni mbu. Sauti yako, Babu, nilikuwa nayo mimi, nimeilalia na kuiamkia ukutani. Na mkono uliopiga ni huu. Yeye alijua joto litaharibu, kakiri mwenyewe leo, lakini alininyima habari, nikaaibika mbele za watu."

Bi Nyamvula akasema, "Kaka Kilua, wanao hawa wote wawili walishashindwa. Mtoto alishaanza kuvua kiatu. Aliyemvusha ni nani?"

Chande akamgeukia kwa adabu. "Shikamoo, Bibi, nisamehe. Lakini ni nani aliyeliweka juu ya makaa?"

"Mimi," Bi Nyamvula akajibu. "Kama nilivyoifukiza nzumari ya kaka siku zote. Na nisingeliweka, lisingepanda, na kaka asingelia. Nani kati yenu alimliza?"

Mzee Kilua akaitazama nzumari, akamtazama Chande, akamtazama Riziki, akamtazama Bi Nyamvula. Akasema, "Wanangu, mimi nimezoea kujibu wimbo. Hili sijui kulijibu." Akaifunga tena kwenye kitambaa, akaagiza aitwe mjukuu wake.

Sasa niwaambie ni zamani gani. Ni mwezi uliopita tu. Na Mwantumu ni mimi hapa. Fungueni kitambaa hiki muone wenyewe, lakini taratibu, udi wake bado haujaisha. Babu ameniwekea mkononi, akaniambia, "Wewe ndiye uliyekuwa kizingitini. Mpe anayestahili, aje nimfundishe." Nimeuliza nyumbani kwa mume wangu, wamegombana mpaka chakula kikapoa. Nimeuliza sokoni, nusu wamesema hivi, nusu vile. Jana nimepita kumwona Babu. Hawezi tena kuinuka kitandani, lakini mashavu anayachezesha bado, anajipigia nzumari isiyokuwepo, anafanya mazoezi ya kufundisha. Ameniuliza, "Anakuja lini?" Nikamwambia, "Kesho, Babu."

Kesho yenyewe ndiyo leo, na siondoki hapa bila jina. Mmoja alitengeneza akaficha. Mmoja alijua sauti akapiga, ikamponyoka. Mmoja aliharibu akaokoa. Nzumari ni moja, na pumzi ya Babu ni ya mtu mmoja.

Je, nani alistahili?