Kenge Aliyepiga Marufuku Hodi

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Ije kichwa mbele au mkia mbele?

— Ije vyovyote!

Haya, vyovyote. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia ndani au toka nje, unanizibia upepo.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ikiitwa Mashimoni. Wanyama wa huko walilala ardhini, na mashimo yote aliyachimba Mzee Muhanga, yule mwenye pua ndefu na masikio ya punda. Kazi yake ilikuwa kuchimba, na akimaliza kuchimba, kulalamikia mgongo.

Kila mmoja aliingia kwake kwa namna yake. Nguchiro aliingia kichwa mbele. Nungunungu aliingia ubavuubavu asikwaruze ukuta. Kobe alivuta kichwa ndani, basi, ameshafika. Na Bi Ngiri aliingia kinyumenyume, makalio kwanza, meno yakitazama nje. Mama yake aliingia hivyo, na bibi yake pia. Hakuna aliyemkosoa mwenzake. Ulitakiwa tu kubisha hodi na kungoja karibu.

Bi Ngiri alikuwa na mtoto mmoja tu, Kijino, na alimpenda kuliko viazi. Ngiri kupenda kitu kuliko viazi, hapo ujue amependa. Kijino akikimbia aliusimamisha mkia juu, na mama yake alimjua kwa ncha ya mkia ule ukipita juu ya majani.

Sasa, nchini humo kulikuwa na jiwe la chumvi nyekundu. Wote walilamba. Siku moja mfalme Simba akalizungushia ua wa miiba, akaweka mbwamwitu walinde. Akasema, "Ninawatunzia." Kweli alilitunza, kwa ulimi wake mwenyewe.

Kijino na vijana wenzake wakaenda kulamba kama zamani. Mbwamwitu wakawatimua, na mmoja akamng'ata Kijino mkia. Ukabaki kigutu. Tangu siku hiyo Kijino hakucheka wala hakukimbia. Alikaa vumbini na kigutu chake na hasira zake.

Hapo ndipo alipotokea Kenge.

Kenge alivuka mto akitembea kwa maringo, ulimi nje, ulimi ndani. Akasema, "Mimi nimesoma kwa mamba, ng'ambo." Uongo? Si uongo sana. Wahenga walisema, katika msafara wa mamba na kenge wamo. Alikuwamo, nyuma kabisa, akiokota makombo.

Akamwendea Kijino pale vumbini. "Kijana, nani kakukata mkia?"

"Mbwamwitu wa Simba."

"Hapana. Umekatwa kwa sababu kwenu mnaingia nyumbani makalio kwanza. Umewahi kuona mamba aliyekatwa mkia?"

Kijino akafikiri. Kweli hakuwahi. Hakuwahi kumwona mamba pia, lakini hilo hakulifikiri.

"Mimi nitakufanya jemadari," akasema Kenge. Na tangu akatwe mkia, hakuna aliyemwita Kijino kwa jina lolote la heshima. Akainuka, akamfuata.

Wakawa saba, wakajiita Vichwa Mbele. Walikuwa na wimbo wao. Niitikieni, msiniache niimbe peke yangu kama mwendawazimu:

Kichwa mbele!

— Mkia nyuma!

Na asiyetaka?

— Tutamfukia!

Amri ya kwanza: kila mnyama aingie kwake kichwa mbele. Nungunungu akajaribu, akanasa mlangoni siku mbili. Kobe ndiye aliyepata tabu. Kobe akiingia kwake, kichwa kinarudi nyuma. Wakamwambia, "Wewe unaingia kinyume, marufuku!" Kobe masikini akakaa kichwa nje, mvua ikamnyeshea, akapiga chafya mpaka gamba likalia kama debe.

Mzee Muhanga na Bi Ngiri wakaenda kwa Simba. "Mfalme, kuna Kenge anatuharibia vijana. Na vijana wana uchungu wa chumvi."

Simba akacheka mpaka akashika mbavu. "Mmetembea kutwa nzima kunieleza habari za makalio? Nendeni zenu!"

Amri ya pili: mayai yote ya kanga yapelekwe kwa Kenge, yatunzwe mpaka siku ya ushindi. Na chumvi yoyote iliyobaki nyumbani ipelekwe kwake pia, asilambe mtu, hata vumbi lake, mpaka siku hiyo hiyo.

Wakaenda tena kwa Simba. Simba akacheka tena, ila kidogo, kwa sababu alikuwa na chumvi mdomoni.

Amri ya tatu: hodi marufuku! Kenge alisema, "Anayebisha hodi anamwogopa mwenye nyumba. Vichwa Mbele hawaogopi!" Basi wakawa wanaingia tu. Unakula, wamo. Unaoga, wamo. Bi Nguchiro aliwakuta wanne kitandani kwake, akapiga yowe mpaka Mashimoni nzima ikasikia.

Mara ya tatu Simba hakucheka. Alikasirika. Akatuma mbwamwitu, nao wakampiga waliyemkuta karibu. Wakampiga nani? Kobe! Wakampiga na Mzee Muhanga, ambaye ndiye aliyekwenda kushtaki. Wakawapiga na vijana waliokuwa wanachota maji yao. Jioni ile vijana wale wakaenda kwa Kenge, na Vichwa Mbele waliokuwa saba wakawa sabini.

Sasa sikilizeni vizuri. Kesho yake asubuhi Kijino akaja kwa mama yake na kundi zima. Hakubisha hodi. Bi Ngiri alikuwa mlangoni kwake, meno nje, kama siku zote.

"Mama, geuka."

"Mwanangu, nikigeuka sitamwona anayekuja. Meno yangu yako mbele, huko nyuma sina kitu. Ndiyo maana bibi yako aliingia hivi."

"Jua likizama hujageuka, nimeamriwa nikufukie."

"Nani amekuamuru?"

"Kenge."

"Na wewe utanifukia, Kijino?"

Kijino akatazama chini. Akaondoka na kundi lake, na Bi Ngiri akalia. Alilia sana, wala hakuona haya. Halafu akapenga kamasi, na Bi Ngiri akipenga huwa ni kelele. Akasema, "Hodi marufuku, si ndiyo? Haya."

Adhuhuri, jua la utosi, Kenge alikuwa amelala kwake. Bi Ngiri akakusanya Vichwa Mbele wote. "Wanangu, nimekubali kugeuka. Ila mimi mzee, kichwa kigumu. Twendeni nikamtazame mwalimu anavyolala, nijifunze."

"Tubishe hodi kwanza?" akauliza kijana mmoja aliyelelewa vizuri.

"Astaghafirullah! Hodi si marufuku?"

Kweli, ilikuwa marufuku. Wakaingia mpaka mlangoni kwake kwa kishindo, Kijino mbele.

Wakamkuta Kenge amelala. Kichwa kilikuwa wapi?

— Ndani!

Hapana! Kichwa kilikuwa mlangoni, kinatazama nje. Mkia ndio ulikuwa ndani. Tumbo limevimba, maganda ya mayai kila upande, na ubavuni donge la chumvi nyekundu lililolambwa likawa laini kama sabuni.

Kenge akafumbua jicho. "Nani ameingia bila hodi?" akafoka.

Mtu akacheka. Nadhani ni Kobe, maana ndiyo kwanza alikuwa anafika.

"Mwalimu," akasema Kijino polepole, "mbona umelala makalio kwanza?"

"Mimi... mimi ni kiongozi. Nina maadui. Lazima nione anayekuja."

"Na sisi hatuna maadui?"

Kenge akageuka mbio ajichimbie ndani, kichwa mbele safari hii, mkia ukabaki nje. Kijino akaudaka kwa meno. Akavuta. Vijana wakamsaidia kuvuta. Kenge akatoka kama muhogo, akaburutwa mpaka mtoni, akavuka anaogelea bila maringo yoyote.

Simba akaja jioni, na ngoma, kusherehekea ushindi wake. Bi Ngiri akasimama mbele yake.

"Mfalme, Kenge tumemtoa sisi. Ila ua wako bado upo, na ng'ambo ya mto kenge hawajaisha."

Simba akafungua mdomo acheke. Akaona kigutu cha Kijino. Akaona wale sabini nyuma yake. Akafunga mdomo, akaenda akafungua mlango wa ua. Nusu tu, jamani, simba ni simba. Lakini nusu ile ilitosha ulimi kupita.

Jua likazama. Bi Ngiri yuko kwake, meno nje, anatazama njia. Akasikia nyayo zikija, zikasimama.

"Hodi, mama."

Bi Ngiri akasogea ndani, akampisha.

"Karibu, mwanangu. Karibu kinyumenyume."

Kijino akageuka, akaingia kigutu kwanza. Mama yake akakibusu kile kigutu, wakalala, meno ya wote wawili yakitazama nje.

Basi wanangu, mafunzo ni haya. Anayekuja kukukataza desturi ya nyanya yako, kamtazame kwanza yeye analalaje. Na wewe mkubwa, ukiambiwa kuna mwiba, usicheke. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hadithi yangu imeingia kwake, mkia ndani, meno nje. Atakayeitaka tena kesho, abishe hodi.

— Hodi!

Nimesema kesho!