Mbonea Wawili, Kidari Kimoja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana watu walikwisha kuwa na simu za kupapasa na bando liliwaishia kama linavyotuishia sisi, aliishi mama mmoja mzee huko Usangi, kwenye milima ya Upare. Jina lake Bibi Nakundwa. Mungu alimjalia wajukuu wengi kuliko viti vya nyumbani kwake. Kila Krismasi walipopanda mlima kurudi nyumbani, walisalimiana kama abiria. "Mambo?" "Poa." Basi, imekwisha. Hawajuani.

Jambo hilo lilimnyima Bibi raha. "Siku moja wataoana ndugu kwa ndugu," alisema, "nami nitamjibu nini Mungu?"

Akawaita wajukuu watatu wenye akili ya mashine. Akawaambia: "Tafuteni ukoo wetu wote, muuweke mahali pamoja, kila mmoja kwa programu yake. Krismasi ijayo nachinja beberu. Atakayeusaidia ukoo kuliko wenzake atakula kidari, na programu yake ndiyo itakayotutunzia ukoo hata nikifa."

Sasa nanyi mjue, katika boma lile kidari hakikuwa nyama tu. Hakikukatwa vipande, hakikugawanywa. Mtu mmoja alipewa mbele ya watu, na mwaka mzima neno lake lilisikilizwa kikaoni.

Wa kwanza alikuwa Anaeli, mwalimu, mtu wa taratibu, ambaye hata chai huionja kwanza kama dawa. Alichagua programu ya kukaa ndani ya laptopu, isiyotaka mtandao. Programu ile haikupokea jina bila ushahidi: nani kasema, kaburi liko wapi. Anaeli akazunguka migombani akipiga picha makaburi, akifuta kuvu kwenye misalaba kwa kanga ya mkewe. Walipomwambia, "Tuonyeshe basi," alijibu, "Bado haijakamilika." Akaifunga kwa neno la siri.

Wa pili alikuwa Niendiwe, fundi cherehani wa Moshi, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Alichagua programu ya mtandaoni. Ndugu yeyote mwenye simu aliingia, akaongeza watu wake, naye akamwalika mwingine. Ukoo ukatambaa kama mboga ya maboga.

"Kaka, yako ni kaburi jingine," alimtania Anaeli.

"Na yako ni gulio," alijibu Anaeli. "Kila mtu anamwaga anachotaka."

Wa tatu alikuwa Kajiru, dereva wa lori. Yeye alichagua programu ya sauti na picha: unabonyeza uso wa mzee, mzee anaongea. Aliwarekodi wazee wote, hata Babu Eliakimu, shemeji yake Bibi, kabla Bwana hajamchukua. Ila alirekodi kwa haraka ya safari. Kuketi na kusikiliza, hapana.

Basi Niendiwe alikuwa na mdogo wake, Namsifu, aliyechumbiwa na kijana wa Mbeya aitwaye Elinami. Matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani mara ya kwanza. Elinami, kwa furaha ya kupata ukoo mkubwa namna ile, akaingia kwenye programu ya Niendiwe akajiandika. Akamwandika marehemu mama yake. Akaandika na babu wa mama yake: Mbonea, mzaliwa wa Usangi. Hakujua zaidi, mama yake alimwachia jina tu.

Kumbe na huku alikuwapo Mbonea, baba mkwe wa Bibi Nakundwa. Na kwa kuwa watu wale humpa mjukuu jina la babu yake, akina Mbonea walijaa kwenye ukoo, na programu ilizoea kumuuliza Niendiwe habari zao. Siku ile ikamuuliza: "Mbonea huyu na Mbonea yule wanafanana. Niwaunganishe?" Niendiwe alikuwa na gauni la bibi harusi chini ya sindano. Mguu unakanyaga cherehani, kidole kikabonyeza: ndiyo. Simwoni mkosaji peke yake. Hata mimi simu ikiniuliza sana hubonyeza ndiyo ili iniache.

Asubuhi ukoo mzima ukaona. Namsifu na Elinami, mstari mmoja, vitukuu wa mtu mmoja!

Bibi akasema, "Ndoa isimame." Mchungaji akasimamisha matangazo. Namsifu akavua pete akaificha kwenye kopo la sukari la Bibi, maana hakuwa na nguvu ya kuirudisha wala ya kuivaa.

Elinami akapanda mlima. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nikuite mkwe au mjukuu, hata sijui."

"Niite utakavyo, Bibi. Ila chai unipe."

Bibi alikuwa ameazimia kutocheka. Akacheka. Wale watatu nao wakaitwa, na Namsifu, wakaketi wote jikoni penye moto.

Namsifu ndiye aliyeuliza. "Mashine ilijuaje? Nani alimwona huyo Mbonea?"

Niendiwe akainamisha kichwa. "Mimi niliiruhusu, mdogo wangu. Wala sikusoma vizuri."

Bibi akasema, "Mimi nimeolewa hapa. Nilimkuta Mbonea mmoja, baba mkwe wangu. Ya kabla yangu siyajui."

Kajiru akajikuna. "Babu Eliakimu aliongea sana juu ya Mbonea. Mungu anisamehe, sijamsikiliza hata nusu."

Wakabonyeza uso wa Babu. Babu akakohoa. Akamfukuza kuku. Akaeleza bei ya kahawa ya ujana wake, akaeleza tena. Kajiru akataka kurusha mbele, Bibi akamshika mkono. "Mwache shemeji yangu aseme, mume wangu. Yeye hana haraka tena."

Wakangoja. Mwishowe Babu akasema: "Akina Mbonea walikuwa wawili humu bomani. Mmoja ni baba yangu. Mwingine aliitwa wa mvua. Mama yake alikuwa mpita njia kutoka Ugweno, uchungu ukamkuta mlangoni petu mvua ikimwagika, akajifungulia ndani. Akampa mwanawe jina la mtoto wa wenyeji wake, kwa shukrani. Hakuwa damu yetu. Alilelewa hapa hapa, alipokua akaondoka, alikokwenda sikujua."

Elinami akaruka. "Wa mvua ndiye wangu!"

"Kaa chini," alisema Bibi. "Leo kila mtu angependa kuwa wa mvua."

Ndipo Anaeli, kwa aibu, akafungua laptopu yake. Kaburi la Mbonea wa nyumbani lile pale. Watoto wake wale pale, kila mmoja na kaburi lake na mtu aliyelithibitisha, wote kwenye milima hii hii. Hakuna hata mmoja aliyekwenda Mbeya.

"Unayo tangu lini?" aliuliza Niendiwe.

"Tangu masika."

"Ukatuacha tulie?"

"Ilikuwa haijakamilika," alisema Anaeli, na sauti yake ikawa ndogo.

Bibi akatikisa kichwa. "Hiyo yasema wetu hakwenda Mbeya. Haisemi wa mvua alikwenda."

Niendiwe akashika simu, akauliza ukoo wote mtandaoni: "Nani anamjua Mbonea aliyehamia Mbeya?" Swali likapitishwa simu hadi simu, na chai haijapoa, akajibu mama mmoja wa Tukuyu, kule kule Mbeya, binamu wa marehemu mama yake Elinami, ambaye Elinami hakuwahi hata kumwona. Aliandika: "Huyo ni babu yetu. Tulimwita Babu Kimvua, kwa kuwa alizaliwa mlangoni kwa watu, mvua ikinyesha. Alituusia tukiwapata watu hao tuwashukuru. Je, ni ninyi?"

Bibi akasomewa, akataka asomewe tena. Kisha akasema, "Namsifu, mke mwenzangu, leta sukari. Na kilichomo."

Ndoa ikafungwa. Mama wa Tukuyu akaja na mchele wa Kyela, akapiga magoti mlangoni pale pale, akashukuru. Krismasi ikafika, beberu akachinjwa, kidari kikaletwa juu ya jani la mgomba.

Anaeli akasimama. "Bibi, nilikosa, nilifungia ukweli kama mchoyo. Lakini bila ushahidi wangu, maneno ya Babu yangebaki hadithi ya jikoni. Programu yangu haijasema uongo hata mara moja. Kidari ni changu."

Niendiwe akasimama. "Bibi, nilikosa kuliko wote, niliwaunganisha wasiounganika, nikamliza mdogo wangu. Lakini yako, kaka, haijasema uongo kwa kuwa haijasema kitu! Nani alimleta mama wa Tukuyu? Na kosa langu lilionekana kwa kuwa lilikuwa wazi, likatengenezwa mbele ya wote. Kidari ni changu."

Kajiru akasimama. "Bibi, nilikosa, nilikuwa na neno la marehemu mfukoni nikalibeba kama mzigo wa watu. Lakini nisingemrekodi Babu, nani angejua kuna wa mvua? Wenzangu wangetafuta nini? Makaburi yapo, ndugu wapo. Babu hayupo tena. Kidari ni changu."

Mjomba mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Apewe Namsifu, ndiye aliyeuliza!"

"Mimi nimeshapata changu," alisema Namsifu, akamtazama mumewe, na watu wakapiga vigelegele.

Bibi Nakundwa akakishika kidari kwa mikono miwili. Akamtazama Anaeli, akamtazama Niendiwe, akamtazama Kajiru. Wote aliwapenda, wote walikosa, wote waliungama. Na kidari hakikatwi, na ukoo hauwezi kutunzwa kwa programu tatu zisizosemezana. Mafuta yakaanza kuganda kwenye jani.

Basi nanyi mnaonisikiliza, Bibi anawangoja. Mwenye ushahidi, mwenye mlango wazi, au mwenye sauti ya marehemu: je, nani alistahili kidari?